Mtoto hataki kuoga bafu la bwawani baada ya mazoezi ya kuogelea, nimlazimishe au nimwache?

MamaWawili_Tabata

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri hasa kwa wazazi ambao watoto wao wako kwenye timu za kuogelea. Kijana wangu ana miaka 10, anafanya mazoezi siku tatu kwa wiki, Jumanne na Alhamisi jioni halafu Jumamosi asubuhi, na niseme ukweli kuogelea anakupenda, sijamsukuma, huyu hata mvua ikinyesha ukimwambia leo tusiende anakuuliza kwani mama kule si nitalowa tu. Sasa kasheshe iko kwenye kuoga baada ya mazoezi.

Nilianza kuona ngozi inapauka, magoti meupe kama kapakwa majivu, kichwa anakikuna mpaka usiku, na gari lote linanuka dawa ya bwawa. Kila nikimuuliza umeoga ananijibu ndiyo mama, tena haraka haraka. Siku nimefungua begi lake nakuta kisahani cha sabuni kiko palepale nilipokiweka, sabuni kavuuu, yale maandishi yake ya juu bado yanasomeka kama imetoka dukani leo, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu. Nikachemka, nikamwambia unanidanganya, na kama huogi basi swimingi imeisha. Akalia, na huyu si mtoto wa kulialia.

Jumamosi iliyopita nikaenda mapema nikaomba nilione hilo bafu kabla watoto hawajatoka majini. Jamani. Chumba kimoja kirefu, shawa nne zimepangwa ukutani, hakuna mlango hakuna pazia wala kaukuta ka kutenganisha, mlango wa nje kitasa kimekufa wameuegesha na tofali uko wazi, na choo kiko mwisho kabisa kwa hiyo kila anayeenda chooni lazima apite katikati ya wanaooga. Humo humo wanaingia wa darasa la pili pamoja na vijana wa kidato cha tatu wenye sauti nzito. Nikakaa kwenye benchi nje nikasikiliza, kocha anapita mlangoni kila baada ya dakika anapiga makofi haya haya fasta fasta, na kijana mmoja alitoka mle na simu mkononi, sisemi alikuwa anapiga picha, pengine alikuwa anaangalia mpira, ila hakuna mtu mzima aliyemwambia simu hairuhusiwi humo. Kwenye gari ndo mwanangu akanieleza, wale wakubwa wanawavuta wadogo mataulo halafu wanacheka, kwa hiyo yeye anavaa suruali ya traki juu ya kaptula mbichi anatoka mbio.

Baba yake anasema mwache azoee, mwanaume huyo, utamharibu. Mi hata sielewi nishike lipi. Hiyo dawa ya bwawa ikikaa mwilini mpaka tufike nyumbani (foleni ya Mandela mnaijua) ina madhara? Nimlazimishe kuoga palepale au aje aoge nyumbani? Na nikienda kulalamika si nitaonekana mama wa vurugu halafu mtoto ndo anachukiwa na kocha?


BabaKigamboni55

Mama usimdekeze mtoto. Sisi tumekulia kijijini tunaoga mtoni wote wakubwa kwa wadogo, ukifichiwa nguo unatafuta huku unacheka maisha yanaendelea, hakuna aliyekufa. Akienda bweni atadai pazia? Akienda JKT je? Watoto wa siku hizi kila kitu wanaona aibu, hata kumsalimia mgeni sebuleni shughuli. Baba yake yuko sahihi, mpe mwezi mmoja atazoea.


LesoYaKisauni

Baba Kigamboni shikamoo, lakini hapo mie sikubaliani nawe hata chembe. Huo mto mwausahau. Kila mto nliosimuliwa mimi na bibi zangu ulikuwa na mahala pa wanaume na mahala pa wanawake, na mtu mzima akitaka kupita anakohoa kwanza toka mbali, na akikuta watu anageuza njia. Stara ilikuwepo tena kubwa, haikuwa ya milango ilikuwa ya adabu. Hilo bafu la shawa nne halina mlango na halina hata huko kukohoa, sasa mwalinganisha nini na nini?

Mwanangu wa kiume alipofika miaka saba tukaanza kumfunza kuwa kitovu mpaka magoti ni pake mwenyewe, na choo kinafungwa hata dadake akilia huko nje. Kumi tukawatenga malazi kama dini ilivyotuelekeza. Sasa mtoto nimfunze haya miaka yote hiyo, halafu nimpeleke bwawani nimwambie haya yako iwache getini? Na siku mtu mwenye nia mbaya akimwambia vua, atajuaje kuwa hapa ndipo pa kukataa, na mama mwenyewe ndiye aliyemfunza kuwa kukataa ni kudeka?

Kwetu tulitatua kwa kikoi. Anaoga na kaptula yake ya kuogelea mwilini, sabuni kichwani, makwapani, miguuni, maji kwa wingi, kaptula yenyewe anaivuta kidogo kiunoni maji yapite ndani yaitoe ile dawa. Akimaliza ajifunga kikoi kikavu, kaptula mbichi aivua chini ya kikoi, avaa nguo, basi. Twalifanyia mazoezi sebuleni, mara ya kwanza alikwama mguu mmoja akaruka ruka kama kuku, mara ya tano akawa anafanya huku aongea. Babake naye akataka kuonyesha utaalamu, kikoi kikamdondoka mbele ya mamangu mzazi, alhamdulillahi suruali ilikuwa ndani 😂

Na kuja kuoga nyumbani nako si dhambi.


nesi_wa_zamu

Nijibu swali la kwanza maana watu wameliruka.

Klorini, yaani hiyo dawa ya bwawa, kama vipimo viko sahihi haimdhuru mtoto kwa sababu ya foleni ya saa moja. Inachofanya ni kuondoa mafuta ya asili ya ngozi na nywele ndo maana unaona magoti yamepauka, na mtoto mwenye pumu ya ngozi huyo atawashwa kweli, huyo asicheleweshwe. Kwa mtoto wa kawaida akijimwagia maji baridi masafi hata bila sabuni tayari kazi kubwa imeshafanyika, sabuni na kusugua atafanya nyumbani, halafu apakwe mafuta mwili ukiwa bado na unyevu unyevu usisubiri ukauke. Mimi kinachonitisha kwenye maelezo yako sio klorini, ni hiyo kaptula mbichi chini ya suruali ya traki saa nzima kwa joto la Dar. Hapo utakuja na mapaja yamechubuka na fangasi, halafu mtoto mwenye haya ndo wa mwisho kukwambia anawashwa wapi. Kwa hiyo kama kuoga pale haiwezekani basi angalau abadilishe nguo.

Sasa niwachokoze kidogo. Mnagombana kuhusu kuoga baada ya, mbona hakuna anayeuliza kuoga kabla? Ile harufu kali mnayoita harufu ya klorini, inayochoma macho na kukohoza, sio ya klorini yenyewe, bwawa safi halinuki sana. Inatokea klorini inapokutana na jasho, mkojo na mafuta tunayopaka watoto asubuhi, inatengenezwa kitu kinaitwa kloramini, inaelea palepale juu ya maji ambapo muogeleaji anavutia pumzi. CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, wanasema kujimwagia maji dakika 1 tu kabla ya kuingia kunatoa sehemu kubwa ya huo uchafu. Dakika moja, na kaptula yake mwilini, hapa hata suala la haya halipo. Na mwenye kuhara asiingie kabisa hata kama kesho ni mashindano, kuna kimelea kinaitwa kriptosporidiamu kinaweza kuishi zaidi ya siku 7 ndani ya maji yenye klorini ya kutosha, mtoto mmoja anaambukiza timu nzima.

Nimemaliza la afya. La mataulo si la kwangu kitaalamu ila nina watoto, na mkubwa kumvua taulo mdogo mbele za watu mimi siuiti mchezo.


MamaWawili_Tabata

Asante sana nesi. Kabla ya kuingia hakuna anayejimwagia pale, wanatoka shule na jasho lao wanatumbukia, na mimi mwenyewe ndo nampaka mafuta asubuhi mpaka anang'aa. Kumbe nachangia 🙈


niliacha_2011

Sijawahi kuandika humu hii mada imenigusa. Mimi nilikuwa naogelea vizuri sana nikiwa darasa la sita, kwa mtindo wa mgongo nilikuwa naongoza umri wangu. Niliacha, nikawaambia wazazi masikio yananiuma, nikapelekwa hospitali mara mbili daktari haoni kitu, mzee akalipia dawa za matone na mimi nadondoshewa kila usiku nimenyamaza. Masikio hayakuwa na tatizo lolote. Ilikuwa bafu. Hakuna mtu aliyenigusa wala nini, ni kuchekwa tu, kila siku, mwili wangu ulikuwa mnene wakanipa jina, jina likatoka bafuni likaja mpaka darasani. Mpaka leo nikienda ufukweni siogelei na tisheti imevuliwa.

Mama, mwanao amekwambia. Mimi sikusema.


KochaMaji

Mimi ni kocha, si wa hapo kwako, nizungumze kwa upande wetu kidogo. Ile haya haya fasta mnayoisikia mara nyingi ni kwa sababu bwawa ni la kukodi kwa saa, kundi linalofuata limeshasimama na mataulo mabegani na mwenye bwawa anaangalia saa. Sio roho mbaya. Lakini dada ulichokieleza si sawa na nitakwambia kwa nini, maana hapo kuna mambo mawili yanayopingana na kocha lazima ayabebe yote. Mtu mzima hatakiwi kuwa peke yake na watoto wanaobadilisha nguo, hilo la kwanza. La pili ukiwaacha wenyewe kabisa bila sikio la mkubwa, wakubwa wanawala wadogo. Dawa yake sisi tunafanya hivi, watu wazima wawili, wanakaa NJE ya mlango, mlango umeegeshwa, wanasikia kila kitu hawaoni chochote, na wakilazimika kuingia wanapiga hodi wanataja jina, naingia jamani jifunikeni, wanangoja kwanza. Mzazi mmoja wa zamu na kocha mmoja inatosha.

Na umri tunautenganisha kwa saa. Wadogo wanatoka majini dakika 10 kabla, wakubwa nawapa mita 200 za kulegeza misuli, wakija bafuni wadogo wameshavaa viatu. Haigharimu hata shilingi. Simu zinaingia kwenye ndoo ya plastiki mezani kwangu kabla ya kupasha misuli, ya kwangu pia, maana ukiiacha ya kwako mfukoni watakuuliza na watakuwa na haki.

Wenzetu Marekani mambo haya waliyaandika kwenye sheria baada ya watu kuumizwa sana. Ile kashfa ya daktari wa timu ya jimnastiki, Larry Nassar, aliyehukumiwa 2018, mwaka huohuo ikapita sheria ya kulinda wanamichezo watoto, na chombo cha SafeSport kina kanuni kwamba mtu mzima haogi pamoja na mtoto wa timu, ila wanaruhusu kujimwagia maji kabla na baada ya mazoezi watu wakiwa na nguo zao za kuogelea. Umeona? Kuoga na kaptula siyo ushamba, kumeandikwa kwenye kanuni za nchi yenye medali nyingi za kuogelea kuliko nchi yoyote.

Kuhusu kuchukiwa. Usianzie kwenye grupu la watsap nakuomba, ukianzia kule utapata makundi mawili na kocha atajitetea badala ya kusikiliza. Mfuate kabla ya mazoezi wala si baada, hapo anakuwa amechoka, na umpe mambo ya kufanyika badala ya lawama, kitasa, simu, wadogo watoke mapema. Kocha mzuri atakushukuru. Akikuambia mwanao ni laini, hamisha mtoto, mabwawa yapo. Ila hiyo yote ni kwa kocha aliyezembea tu. Ikija kugundulika mtu mzima ndo anaingia ingia mle bila sababu, au anapiga picha, hapo hakuna kikao cha wazazi wala kumalizana kirafiki, ni namba ya msaada kwa watoto 116, bure kwa simu yoyote au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.


Mzazi_Rongai

Niongezee hapo kwa picha juu huku Kenya tumeshapitia. Club ya watoto wangu walikuwa wanapost kila gala, yaani mashindano, watoto na kostyumu, majina full na shule, na ukiuliza unaambiwa ni ya marketing. 2023 Kamishna wa Data alipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kupost picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na hao watoto hata walikuwa wamevaa uniform sio kaptula. Nilituma hiyo habari kwa manager bila kuandika neno lingine. Wiki hiyo hiyo fomu ya consent ikatumwa kwa email na page ikasafishwa 😄 Tanzania pia muko na sheria ya data ya 2022, itumieni.

Alafu huyo kijana na simu bathroom, hata kama ni game anacheza, rule ni simu haiingii, full stop, juu ukianza kuuliza ulikuwa unafanya nini utaambiwa tu alikuwa anacheza game.


Mchanga_Mweupe

Mnaongea wavulana tu, na wasichana je? Binti wa ndugu yangu hapa Unguja amefika umri wa kuvunja ungo, anaogelea na lile vazi la kufunika mwili mzima. Vazi zuri lakini likilowa linashika mwili kama ganda la ndizi bichi, kulivua peke yako ni dakika nzima unapigana nalo mikono juu, huwezi kulivulia chini ya kanga. Huyo anahitaji mlango unaofungwa kwa komeo, hana njia nyingine. Kule Nungwi mradi wa Panje ulifundisha wasichana kuogelea na mavazi kama hayo na wazee wa kijiji wakakubali, maana walianza na swali la stara kwanza ndipo maji yakafuata. Wakifanya kinyume chake wasichana wanaanza na ruhusa za kuumwa tumbo, mwezi wa kwanza mara mbili, wa pili mara tano, halafu hawaonekani tena na kocha anasema wasichana hawana uvumilivu.


Mpogoro_Koeln

Salaam toka Ujerumani. Huku watoto wa shule ya msingi wana somo la kuogelea kabisa kwenye ratiba, na kuna beji ya farasi wa baharini, Seepferdchen, mtoto anaruka majini, anaogelea mita 25 na anaokota kitu chini maji yanayomfika mabegani. Kuoga kabla ya kuingia ni sheria ya bwawa, imebandikwa ukutani. Wajerumani wao kuvua nguo bafuni hawaoni shida, ni mila yao na sisemi ni wabaya, ila siku ya kwanza kijana wangu alirudi na macho hivi 😳 akaniuliza baba ni lazima? Nikamwandikia mwalimu barua ya mistari miwili, mtoto wangu ataoga na kaptula yake, asante. Akajibu hamna tatizo, wapo wengine watatu. Kumbe hata Wajerumani wenyewe wamo.

Tena mahakama yao kuu ya utawala pale Leipzig iliamua mwaka 2013 kesi ya binti Mwislamu aliyetaka asamehewe somo la kuogelea, wakasema hasamehewi, aogelee na burkini, lile vazi la kufunika mwili mzima. Kuna watu walikasirika pande zote mbili. Mimi naona kuna akili mle ndani, maji ujifunze kwa sababu maji yanaua, na mwili wako ubaki wa kwako.

Ila mkuu wa Kigamboni kidogo namwelewa. Mtoto asijengewe kwamba mwili ni kitu cha kuogopa. Kuna tofauti ya aibu na haya, bibi yangu angenielewa.


BabaKigamboni55

Hiyo ya JKT nilisema kama mfano tu mmenishukia kama kunguru. Yule aliyeacha kuogelea pole sana kijana.


MamaWawili_Tabata

Wapendwa nimerudi, ni wiki tatu sasa, naleta mrejesho.

Kwanza baba yake. Sikubishana naye, nilimwambia tu Jumamosi hii mpeleke wewe mi nina kikao cha vikoba. Akaenda. Akarudi kimya, akala, akakaa, usiku saa nne hivi tunazima taa ndo ananiambia unajua mi bweni nilikuwa naamka saa kumi usiku kwenda kuoga. Nikamuuliza kwa nini saa kumi na maji ni ya baridi vile. Akasema ili nisikutane na wale wa kidato cha nne. Miaka minne. Nimeolewa na huyu mtu miaka kumi na tatu sikuwahi kuisikia hiyo. Nikamwambia sasa mbona ulisema azoee, akageukia ukutani akasema lala mama.

Asubuhi yeye ndo aliyempigia kocha, sikumtuma.

Kocha hakuwa mbaya hata kidogo, alisema kitasa amekiomba kwa mwenye bwawa muda mrefu na kila siku anaambiwa kesho. Wazazi saba tukachanga, tumeweka komeo na mapazia ya plastiki kwenye bomba juu ya kila shawa, baba yake na mzazi mwingine wamefunga wenyewe Jumapili, bomba moja limepinda lakini linashika. Wadogo sasa wanatoka majini mapema kama KochaMaji alivyosema, zamu ya benchi la nje tunayo kwenye karatasi. Simu ndo bado mvutano, kuna mama mmoja anasema mwanae lazima awe na simu muda wote ampate, tukamwambia utampata kwa namba ya kocha, kanuna lakini ya mwanae imeingia kwenye ndoo. Wale wakubwa kocha aliwaita akaongea nao nikiwa mbali, sijui aliwaambia nini, ila mmoja wao juzi alimletea mwanangu miwani yake ya maji aliyoisahau.

Kijana anaoga na kaptula, na kikoi tumenunua, Leso shukrani nyingi dada, mazoezi ya sebuleni tulifanya na mdogo wake naye akataka chake. Kabla ya kuingia wanajimwagia wote kwa kupiga foleni, kocha anahesabu mpaka sitini kwa sauti na watoto wanamharakishia hesabu. Sijui kama macho yamepungua wekundu kwa hiyo au ni mimi tu, nesi utaniambia. Sabuni sasa nina kesi nyingine, ile ya kwanza imeisha, ya pili kaisahau bwawani, ya tatu kampa rafiki yake.


nesi_wa_zamu

Wekundu wa macho kupungua inawezekana kabisa hasa kama wote wanajimwagia, akijimwagia mmoja na ishirini wakiingia na jasho haisaidii kitu. Mafuta ya asubuhi siku ya mazoezi mpake usoni tu, mwilini aje apakwe baadaye.


LesoYaKisauni

Mashallah. Huyo babake mpe pole yake, saa kumi usiku na maji ya bweni 😭 na kikoi mumnunulie naye.


BabaKigamboni55

Mama Wawili hayo mapazia mmenunua wapi na kwa bei gani? Mjukuu wangu yuko darasa la tatu anaogelea shuleni kwao, jana nimemuuliza huwa mnaogaje akanyamaza.


MamaWawili_Tabata

Kariakoo baba, pale wanapouza vifaa vya bafu, bei wanakutajia ya juu ongea nao. Usinunue kabla hujapima, sisi tulipeleka urefu wa kubahatisha mawili yakawa yanaburuza chini yanashika utelezi, tumeyakata na mkasi wa jikoni. Na bomba chukua la chuma, la plastiki watoto wananing'inia.